Siku mume wangu alipoweka zawadi ya stovu kwenye ngwatio yetu

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Mimi ni mgeni kwenye jukwaa hili, lakini duniani nimekaa. Nimekuwa nikisoma nyuzi zenu kimya kimya. Wiki hii kijana mmoja ameandika kwamba ukitaka watu wachape kazi, wawekee zawadi, basi, hakuna siri nyingine. Nilicheka mpaka mume wangu akauliza nimeona nini kwenye simu.

Nilipomsomea, yeye hakucheka. Alisema, "Usianze."

Sasa nimeanza. Sitatia chumvi hata punje, na shahidi ameketi hapa kando yangu akijifanya anasikiliza redio.

Ilikuwa miaka ya sabini, mwanzoni mwanzoni. Mimi ni mtoto wa Nyeri town. Baba yangu alikuwa fundi wa nguo, kwa hivyo cherehani nilikijua kabla sijajua kusoma, lakini jembe nilikuwa naliona likining'inia dukani tu. Nikaolewa huko juu, ukishapita Kiganjo, kwenye mashamba yaliyokuwa ya wazungu na baada ya uhuru yakagawiwa watu.

Baridi ya huko wanaijua waliokaa huko. Asubuhi unauona mlima wote mpaka theluji yake, jua likishapanda unajifunika mawingu kama mtu aliyekasirika. Udongo ni mzuri sana, mweusi, lakini ulikuwa umejaa thangari, ile nyasi yenye mizizi mirefu kama kamba. Ukiacha kipande kimoja cha mzizi ardhini, mwezi ujao umerudi pale pale ulipoanzia.

Mume wangu, humu nitamwita Baba Wairimu, alikuwa karani katika ofisi moja town. Alikuwa na chumba cha kupanga huko. Anaondoka Jumatatu na baiskeli yake, anarudi Ijumaa jioni. Katikati hapo nilikuwa mimi, mtoto wetu Wairimu ambaye hata kukaa vizuri bado, na ekari za thangari.

Sasa niwaeleze ngwatio kwa wale wasiojua.

Ni wanawake wanaounganisha nguvu. Leo tunalima kwako, siku nyingine kwangu, tunazunguka mpaka kila mtu amelimiwa. Hakuna anayelipwa. Mwenye shamba anapika, mnakula pamoja, mnaenda nyumbani.

Na kuna namna ya kulima. Mnapanga mstari mmoja, bega kwa bega, mnaenda mbele pamoja huku mkiimba. Kila mtu ana upana wake. Ukiona jirani yako anabaki nyuma, unammegea kidogo upande wako, na yule wa upande mwingine anammegea pia, mpaka anawafikia. Hakuna anayetangaza kwamba amekusaidia. Ukitazama kwa mbali unaona mstari tu umenyooka, hujui nani mchovu na nani ana nguvu.

Katikati ya mstari wetu alikuwa Cucu Wamuyu. Cucu ni nyanya kwa Kikuyu, na huyu alikuwa nyanya kweli, mgongo umeshakunjika, lakini hakukosa hata siku moja. Watu walimmegea kutoka pande zote. Yeye ndiye aliyetutungia nyimbo na kutuambia habari za nani anataka kuoa nani.

Kiongozi alikuwa Mama Kariuki, mwanamke mrefu, sauti kama ya mwalimu mkuu. Nilipoenda kuomba kuingia, alitazama mikono yangu kwanza kabla ya uso.

"Hii ni mikono ya sindano," alisema. "Haya, kuja tu. Tutakuona."

Hilo "tutakuona" lilininyima raha wiki nyingi. Maana yake ni kwamba nilikuwa kwa majaribio. Nililima kwa wengine, nikapata malengelenge, nikanyamaza. Siku yangu ya kulimiwa ikifika na mambo yaende vizuri, mimi ni mmoja wao. Yakienda vibaya, nitalima peke yangu na mtoto mgongoni, na mvua ya Machi haikuwa mbali.

Niseme ukweli wakuu, njaa haikunitisha sana, mshahara wa karani ungetufikisha mahali. Kilichonitisha ni upweke. Kule juu, kutoka Jumatatu mpaka Ijumaa, kama huna wanawake wenzako una nani? Mbuzi?

Basi siku yangu ikapangwa, Jumamosi. Baba Wairimu atakuwepo. Nilifurahi sana, nikidhani atanisaidia kupasua kuni.

Kumbe mwenzangu alikuwa amejiandikisha masomo ya jioni. Walikuwa wanafundishwa saikolojia, ile ya mwanzo kabisa: kwa nini watu wanafanya wanayofanya, hasira inatoka wapi, hofu inafanya nini mwilini, mambo ya stress na motivation. Alikuwa na kitabu kinene alichokifunika na gazeti kisichafuke. Kila Ijumaa alikuja na neno jipya. Wiki moja kila kitu kilikuwa instinct. Nikimwambia mtoto analia, instinct. Nikimwambia chai imemwagika, sijui, instinct.

Ijumaa ile alikuja na neno reward. Na nyuma ya baiskeli, amefunga na mpira, stovu mpya ya mafuta ya taa, ya buluu, ya tambi.

"Hii ni ya nini?" nikauliza, moyo umeruka kwa furaha. Nilidhani ni yangu.

"Ni ya kesho," akasema. "Kiumbe chochote kikijua kiko na zawadi mbele, kinafanya kazi zaidi. Imeandikwa. Hao mama watamaliza hii shamba kabla ya saa sita, utaona."

"Lakini wao humaliza tu."

"Watamaliza mbio!"

Nilikuwa mke mgeni, na yeye ndiye aliyesoma. Pia alikuwa anang'aa kwa furaha, alitaka siku yangu iwe siku kubwa. Huyu mtu hajawahi kuwa mbaya hata dakika moja. Nikaenda kuloweka mahindi na maharagwe ya githeri.

(Amenigeukia sasa hivi. Anasema niandike kwamba nia ilikuwa nzuri. Nimeandika.)

Asubuhi wanawake walipofika, walikuta Baba Wairimu amevaa koti la ofisini, amepigilia vijiti na kuvuta kamba za katani shamba lote. Amelikata vipande, kila mtu na kipande chake. Pembeni ameweka kigoda, na juu ya kigoda ile stovu, inameta kwenye jua.

Akawasalimia vizuri, akawaeleza. Atakayemaliza kipande chake kwanza, stovu ni yake.

Wakuu, msiwacheke wale kina mama. Kuni tulizitoa mbali, mzigo unaning'inia kwenye kamba iliyopita kwenye paji la uso. Moshi ulitutoa machozi kila siku. Stovu ilikuwa kitu unachokiona kwa mke wa mwalimu. Hata mimi mwenyewe niliitazama na wivu, na ilikuwa imelala nyumbani kwangu.

Waliangalia stovu, wakaangaliana, wakaingia kwenye vipande. Hakuna aliyecheka wala kutania.

Kwanza wimbo haukuanza. Cucu Wamuyu alianzisha, akaimba mstari mmoja, hakuna aliyeitikia. Akaimba tena. Akanyamaza.

Kilichosikika ni majembe tu, kwa kasi, kila mtu na lake. Nyaguthii, ambaye alikuwa kijana kuliko wote na mwenye nguvu kuliko wote, alikwenda kama ameshikwa na moto. Lakini mimi nilikuwa nimeshajifunza kidogo, nikaona halimi, anageuza udongo wa juu na kufunika thangari chini. Mama Kariuki naye, mama mzima wa kanisa, aliruka kona yake yote ya nyuma akidhani hakuna anayemwona.

Cucu Wamuyu alikuwa peke yake kati ya kamba mbili. Jirani yake kushoto alipita, jirani yake kulia akapita. Kamba ilikuwa imesema hiki ni changu na kile ni chako, sasa nani ammegee? Alifika kama robo, akaketi juu ya udongo, akashika jembe lake magotini na kutazama migongo ya wenzake.

Nilitaka kwenda kwake. Lakini nilikuwa na sufuria motoni na mtoto analia.

Baba Wairimu alikuwa anatembea pembeni, mikono mfukoni, ameridhika. Ni kweli mbio zilikuwepo.

Nyaguthii alimaliza kwanza, akarusha jembe, akaenda kwenye kigoda. Mama Kariuki akapiga kelele kutoka kwake.

"Haiya! Hiyo ni kulima? Kuja hapa, nyinyi wote, mwone!" Akainama kwenye kipande cha Nyaguthii, akachomoa thangari ndefu kama mkanda wa suruali, akaiinua juu.

"Na wewe kona yako?" Nyaguthii akamwambia. "Ati unadhani hatuna macho?"

"Unaniongelesha hivyo mimi?"

"Hiyo stovu ni yangu. Baba Wairimu, sema!"

Baba Wairimu akatazama stovu, akatazama vijiti vyake. Nadhani kitabu hakikuwa na ukurasa wa hapo.

Walitupiana maneno ambayo sitayaandika. Ya stovu yaliisha haraka, yakaja ya zamani: nani alikopa chumvi, nani alisema nini kwenye matanga ya nani. Kila mmoja akaingia. Mwisho Mama Kariuki akachukua jembe lake, akasema Jumatatu hakuna ngwatio, kila mtu na shamba yake. Hakuniangalia.

Wakaondoka. Githeri ilibaki sufuria nzima, na stovu ikabaki kwenye kigoda, hakuna aliyeigusa. Cucu Wamuyu alikuwa wa mwisho kuondoka, akapita kwangu akanishika bega, akaenda zake polepole.

Nililia, wakuu. Nililia mchana kweupe, mbele ya mume wangu, bila kujificha. Siku yangu ilikuwa imefika na imeharibika, na mimi ndiye niliyekuwa kwa majaribio.

Nimeweka nusu ya kwanza tu, na naona mkuu mmoja hapo chini ameshauliza stovu ilienda wapi. Baba Wairimu aliirudisha dukani town, mwenye duka akakataa kuipokea kwa sababu imeshafunguliwa, naye Baba Wairimu akaileta tena nyumbani ikiwa imefunikwa gunia ili watu wasiione njiani. Haya, tuendelee.

Jumapili nzima sikuweza kula. Maziwa ya mtoto yalipungua. Baba Wairimu alifungua kitabu chake akanisomea, kwa upole kabisa, kwamba hiyo inaitwa stress, mwili unadhani uko hatarini. Nikamwambia mwili haudhani, mwili unajua.

Akafunua mbele, akasoma, akasoma, akafunika uso na mkono. Kulikuwa na sura nzima juu ya watu wakiwa pamoja, jinsi mtu akiwa kwenye kundi anavyokuwa mtu mwingine.

"Hii hatujafika," alisema. "Ni ya muhula ujao."

Hapo nilicheka, huku machozi yakitoka. Ndiyo sababu nimekaa naye miaka yote hii.

Jumatatu alfajiri alipanda baiskeli akaenda. Mimi nikakaa mlangoni na chai yangu. Zamu ya Jumatatu ile ilikuwa ya Cucu Wamuyu. Nikamfikiria yule mama na mgongo wake, na ile robo aliyolima peke yake akiangalia migongo. Nikamfunga Wairimu mgongoni, nikachukua jembe.

Sikuwa na mpango wowote wa kupatanisha watu. Niliona tu kwamba siku ni yake na mtu hatakuja.

"Umekuja na nani?" Cucu aliuliza.

"Niko peke yangu."

"Basi tuanze na uji."

Shamba lake lilikuwa kando ya njia, ile ambayo wanawake wote walipitia wakipeleka maziwa kuchukuliwa na gari. Tukaanza, mimi na yeye, mstari wa watu wawili. Nilijitahidi, lakini bila mtu wa kuiga nililima vibaya ajabu. Hapa kina, pale juu juu, mstari umepinda kama mkojo wa ng'ombe.

Wakaanza kupita. Wengine walitusalimia wakiwa mbali. Wengine walisimama kidogo, wakaendelea.

Kisha nikasikia mkebe wa maziwa umewekwa chini. Sikuhitaji kugeuka.

"Wewe mtoto ya town," Mama Kariuki alisema. "Hapo unalima ama unakuna mgongo ya mtu?"

Cucu akacheka mpaka akashikilia jembe. Mimi nilikuwa nimechoka hata aibu imeisha.

"Nionyeshe basi, mama," nikasema. "Mimi sijui."

Alisimama akaangalia ule mstari wangu uliopinda. Nilimwona anajizuia. Lakini kuna watu hawawezi kuona udongo mzuri ukiharibiwa, na huyu alikuwa mmoja wao.

"Leta hiyo jembe. Ngai! Miguu weka hivi. Usiipige kama nyoka, iache iingie yenyewe. Unaona? Unaona?"

Alisema ataonyesha kidogo tu. Mkebe ulikaa njiani mpaka mtu mwingine akauchukua kuupeleka.

Huyo mtu alirudi na jembe. Akaja mwingine. Hakuna aliyesema lolote kuhusu Jumamosi. Walipanga mstari, na mimi, langu likiwa bado mkononi mwa Mama Kariuki, nikapewa jembe la Cucu, naye Cucu akaambiwa apumzike, akakataa, akaenda kuazima lingine kwa jirani.

Nyaguthii alikuja karibu mwisho, na mkebe wake mtupu kichwani, akitoka barabarani. Akaona mstari. Akamwona Mama Kariuki ndani yake. Akasimama pale njiani, uso umefungwa, hajui aende wapi. Sitasahau jinsi alivyokuwa anauma mdomo, msichana mwenye nguvu kuliko sisi wote.

Mama Kariuki hakuinua kichwa.

Cucu Wamuyu ndiye aliyeita. "Nyaguthii! Unangoja kadi ya harusi?"

Alikimbia nyumbani kuleta jembe, nasema alikimbia. Aliporudi aliingia pembeni kabisa, mbali na Mama Kariuki, akaanza kulima chini, chini sana, anachomoa thangari na kuitupa juu tuione. Baada ya muda akaanzisha wimbo. Alitunga hapo hapo, juu ya mwanamume wa koti aliyekuja kupima wanawake kwa kamba kama ndama wa mnada.

Mstari wote ukaangua kicheko. Mama Kariuki alijitahidi kunyamaza, akashindwa, akaitikia kwa sauti kuliko wote.

Wiki iliyofuata walirudi kwangu. Hakuna aliyemwambia Nyaguthii, lakini alienda moja kwa moja kwenye kile kipande chake akakilima tena kuanzia mwanzo. Mama Kariuki naye akaenda kwenye kona yake bila kuangalia mtu. Kamba nilikuwa nimezitoa, nimefungia mbuzi.

Na Baba Wairimu, ambaye aliomba ruhusa ofisini, alipewa kazi. Aliteka maji mtoni, debe baada ya debe. Mnajua miaka ile mwanamume kuonekana na debe la maji ilikuwa habari ya kijiji kizima. Alibeba, akiimbiwa wimbo wake mwenyewe, na aliporudi mara ya tatu alikuwa anauitikia.

Tulipanda viazi na mahindi, mvua ikatukuta tumemaliza. Nilidhani mambo yameishia hapo, nimesamehewa, nimekubaliwa kidogo.

Ikaja palizi. Siku hiyo zamu ilikuwa ya Mama Kariuki, na yeye ni mtu wa saa. Wairimu alikuwa ameamka na homa, nikamweleza jirani aliyepita na mkebe wa maziwa, nikamkanda mtoto na maji, nikamnyonyesha, nikangoja apoe. Nilipotoka naye mgongoni jua lilikuwa limeshapanda kabisa. Nilienda mbio njia nzima, nikijiambia watakuwa wamefika nusu ya shamba, nitaingia nyuma kimya kimya, nitasemwa na nitavumilia.

Nilipopinda kwenye ua wake nikawaona.

Walikuwa wamesimama mwanzo wa shamba, kwenye mstari, wameegemea majembe. Hakuna hata gugu moja lililokuwa limeng'olewa. Na kati ya Cucu Wamuyu na Nyaguthii walikuwa wameacha nafasi ya mtu mmoja.

Mama Kariuki aliniangalia usoni, si mikononi.

"Mtoto amepoa?" akauliza.

"Amepoa."

"Haya ingia, jua inatuchoma."

Niliingia. Niliinama haraka kuliko wote, ili wasione machozi, na nikalima siku hiyo kama sina mifupa ya kuchoka.

Sasa kwa yule kijana wa zawadi, sikukatazi, mwanangu. Zawadi inafanya watu wakimbie, mimi nimeona kwa macho. Lakini angalia kwanza kama wanachokifanya ni mbio. Wale wanawake walikuwa wakitazamana, sisi tukawapa kitu kingine cha kutazama, na ndani ya asubuhi moja hawakujuana. Kilichowarudisha ni kuona siku ya mtu imefika na yuko peke yake, na kuitwa kwa jina mbele ya wengine. Kama unaongoza watu, kazini, kanisani, hata kwenye chama cha mtaa, anzia hapo.

Mume wangu amesoma yote haya juu ya bega langu. Anasema alipata alama nzuri sana kwenye ile sura ya muhula uliofuata. Namwachia hiyo.

Wakuu, uwanja ni wenu. Mnaojua ngwatio za Kerugoya, Timau, na kwingineko, mlikuwa mnapanga mstari namna gani? Na mniambie jambo moja, mimi ni mtu mzima napenda kusoma haya nikinywa chai: ni lini ulichelewa ukakuta watu wamekungoja?